Furaha na kujitunza ukiwa mtetezi wa haki za transijenda Tanga: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yametoka kwa wenzetu wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe, wengine transi wenyewe (transijenda kwa kirefu, yaani mtu ambaye jinsia anayojijua nayo siyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa) na wengine ndugu na marafiki wanaosimama nao. Nimeyajibu kama ninavyowajibu watu tukikaa, kwa hiyo msishangae jibu moja kuwa refu na jingine mistari miwili. Kama una dharura usianzie juu, shuka hadi kwenye swali lako.

Wenzangu wanafukuzwa kwenye vyumba, wengine wanapigwa, halafu mimi nifurahi? Huo si ubinafsi?

Hapana, na hapa nitakaa kidogo maana hili ndo swali linalowatesa watu kuliko yote. Angalia waliodumu kwenye kazi hii huku kwetu pwani. Karibu wote wana maisha nje ya kazi, mmoja anashona magauni ya sherehe na akianza kushona simu anaizima kabisa, mwingine hakosi mechi Mkwakwani Coastal wakicheza nyumbani, mwingine ana kuku wake anawasimulia kama watoto. Waliokuja na hasira peke yake wengi hawakufika mbali, na wengine walipoondoka waliondoka na chuki dhidi yetu sisi wenyewe, wakasema grupu zima ni wanafiki, kumbe mtu alikuwa amechoka miaka na hakuna aliyemwambia kaa chini.

Na kuna kitu kingine. Tunachodai ni watu waishi, sasa kuishi ni nini kama sio kucheka na kupika na kuvaa ukapendeza na kwenda harusini na watu wako? Dada transi akiwa ndani anacheka na wenzake mpaka machozi yanamtoka, hayo ndo maisha tunayoyapigania yenyewe, yapo pale pale, hayasubiri sheria ibadilike. Mimi naamini kabisa kwamba furaha inatakiwa ipangwe kama nauli, hakuna mtu anasubiri mwisho wa mwezi aone kama kuna chenji ndo aweke nauli ya kwenda kazini, inatengwa mwanzo. Weka siku, weka hela, waambie watu. Ukiiacha ije yenyewe haiji, maana kesi mpya zipo kila wiki.

Nitajuaje kama nimechoka kawaida au nimechoka vibaya?

Uchovu wa kawaida ukilala unapungua. Ule mwingine unalala unaamka nao. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Christina Maslach, aliyeanza kuuchunguza tangu miaka ya 1970, anautambua kwa mambo matatu: nguvu kuisha kabisa, kuanza kuwaona watu unaowahudumia kama usumbufu, na kuhisi kila unachofanya hakina maana. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 likauingiza kwenye orodha yake mpya ya magonjwa na hali za kiafya, kama hali inayotokana na kazi isiyodhibitiwa vizuri. Naomba uirudie hiyo, inatokana na kazi. Sio kwamba wewe ni dhaifu.

Kwetu mimi naangalia la pili zaidi. Mtu akipiga usiku analia amefukuzwa na baba mwenye nyumba na wewe cha kwanza kinachokujia ni "huyu naye kila siku yeye tu", jua hapo umefika mbali. Mwambie mwenzako akupokee hiyo simu, wewe pumzika hata wiki. Usijihukumu kwa ulichowaza.

Simu haiachi kuita. Nifanyeje?

Gawaneni zamu. Grupu la watu wanne wakiamua kila mmoja ana usiku wake, mambo yanabadilika sana. Mwenye zamu anaacha simu wazi, wengine wanazima na wanalala. Watu waliozoea kukupigia wewe watalalamika mwanzoni, watazoea.

Halafu tofautisha grupu. Grupu la kazi liwe la kazi, la stori na umbea wa taarab liwe lake. Picha na video za watu kupigwa zisitumwe kwenye grupu la wote kabisa, kama ni ushahidi anatumiwa mtu mmoja anayezihifadhi. Kila anayeiangalia ile video inamkaa kichwani, na mwingine ilishamtokea yeye mwenyewe sasa unamrudisha kule kule saa tano usiku. Na weka meseji zijifute zenyewe, weka namba ya siri kwenye simu na sio alama ya kidole peke yake, maana kidole mtu anaweza kukushika akakibonyeza.

Matusi ya onlaini usijibu. Najua inauma, najua unaona ukinyamaza wameshinda, lakini kubishana na mtu asiyekujua aliyetumia bando lake kukutukana ni kumpa usiku wako bure. Mwache mwenzako asome komenti, afute, azuie akaunti, wewe usizione hata.

Tanga hapa mtu anapumzikia wapi bila kusemwa?

Hili nalipenda. Mji wetu kwa kweli una sehemu, ni sisi tu tunajifungia. Raskazone asubuhi mapema, bahari imetulia, watu wachache, kila mtu na mazoezi yake. Sahare jioni. Baiskeli, Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani na njia ni tambarare, unatoka Ngamiani unapita barabara zako za namba hizo mpaka Bombo unaangalia kisiwa cha Toten pale mbele, hakuna anayekusimamisha kukuuliza maswali. Wengi wameniambia juu ya baiskeli ndo wanahisi mwili ni wao, hamna anayewakazia macho kwa sababu wanapita.

Mkiwa na nauli kidogo nendeni Pangani, au mapango ya Amboni ambayo ni karibu tu na mji, au Tongoni kwenye yale magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Joto likizidi Januari na Februari kule Lushoto kuna ubaridi, lala usiku mmoja rudi. Nendeni kama kundi la marafiki, bila tisheti za kampeni, bila kupiga picha za wenzenu na kuposti mlipo. Posti mkisharudi, na kwa ruhusa ya kila aliyeko kwenye picha.

Ndani nako ni sehemu. Tanga ndo mji wa Black Star na Lucky Star, taarab ya kisasa ya bara kwa sehemu kubwa ilianzia hapa miaka ya 60 na 70, Bi Shakila alitokea kwenye vikundi hivyo. Fungeni mlango, wekeni taarab, mtu avae anachotaka kuvaa ajipake hina ajifunge khanga acheze, na kwenye kucheza asiitwe jina lisilo lake hata mara moja usiku mzima. Nimeona watu wanatoka kwenye jioni kama hiyo wana sura nyingine. Tahadhari moja tu, sauti msiipandishe mpaka majirani waje, na mwenye nyumba awe mtu mnayemwamini.

Sina hela. Hayo ya kujitunza si ya watu wa mjini wenye mshahara?

Kulala ni bure, kutembea ni bure, kukataa kazi ya ziada ni bure japo inahitaji moyo. Lakini sitaki kudanganya, ukiwa na njaa na kodi inadaiwa hakuna cha pumzi wala sala itakayokutuliza, shida hapo ni hela. Ndo maana vikundi vingi vinacheza upatu. Chezeni wa kwenu, kiasi kidogo tu, na tengeni fungu la dharura pembeni ambalo haligusi zamu ya mtu: nauli ya kukimbia mtaa, dawa, kodi ya mwezi mmoja. Wasiwasi unaopungua ukijua lile fungu lipo ni mkubwa kuliko unavyofikiri.

Kwa wale wenye ufadhili, andikeni mapumziko kwenye bajeti. Siku za likizo, mnasihi, nauli ya kutoka nje ya mji. Mfadhili akiuliza mwambieni bila hivyo mradi unakufa mwaka wa pili. Nimechoka kuona bajeti ina mabango na maji ya chupa ya semina halafu anayepokea simu za usiku hana hata bima.

Mwili wenyewe unanichosha. Kubana kifua ili matiti yasionekane, kwa joto hili la Tanga nitaweza?

Utaweza ukiwa na adabu nayo. Tumia vesti ya kubana iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na saizi yako, usitumie bandeji wala gundi ya plasta ya kufungia mizigo, hizo zinakaza zaidi ukipumua na zinaumiza mbavu. Isizidi kama masaa 8, usilale nayo, usikimbie nayo wala kuendesha baiskeli umbali mrefu. Kwa joto na unyevu wa huku weka fulana nyembamba ya pamba ndani, oga, kausha ngozi vizuri, kunywa maji. Kifua kikiuma au pumzi zikikata vua muda huo huo. Na kuwe na siku ambazo hubani kabisa, mashati mapana na kanzu zipo, Tanga hii nani atashangaa kanzu?

Na vidonge vya homoni vya kubadilisha mwili ninavyonunua mtaani?

Naelewa kwa nini mnanunua, sitamgombeza mtu. Lakini vidonge vya uzazi wa mpango kumeza vingi ili vifanye kazi ya homoni ni hatari, vinaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, na kama unavuta sigara hatari inapanda zaidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla na pumzi fupi, nenda hospitali, mwambie daktari ukweli wa ulichomeza. Sindano usichangie na mtu hata kama ni rafiki wa damu. Kama una presha, kisukari au ini lina shida tafuta kwanza daktari anayesikiliza, wapo wachache na wenzako wanawajua, uliza.

Rafiki yangu amesema hataki kuishi tena. Nimwambie nini?

Muulize waziwazi, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunamfungulia mlango wa kusema. Usimuache peke yake. Ondoa dawa, sumu za panya, visu na kamba karibu naye. Kaa naye, msikilize, usianze kuhubiri wala kumwambia wangapi wana shida kuliko yeye. Ita mtu wa pili mkae kwa zamu, maana peke yako utachoka.

Kama ameshakunywa kitu usingoje kupambazuke, mpeleke hospitali. Ukiwa mjini ni Bombo. Nenda na mtu anayeongea vizuri na manesi, amtaje mgonjwa kwa jina analolitaka kama mazingira yanaruhusu, na aseme mgonjwa anahitaji matibabu. Sheria yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kama kosa, ndo maana nasema awe mtu mzima mwenye busara, lakini hofu ya sheria isimuue mtu mlangoni. Baadaye anaweza kupata huduma ya afya ya akili, mkoa wetu una hata hospitali ya Lutindi kule Korogwe, ya kanisa, ipo tangu enzi za Mjerumani.

Na wewe uliyekaa naye usiku kucha, kesho yake usiende kazini kama inawezekana. Nenda kwa mtu akupikie uji.

Mama yangu anajua ninachofanya na ameacha kunisalimia.

Pole sana ndugu yangu. Hii inauma kuliko polisi.

Siwezi kukuahidi atabadilika. Ninachojua ni kwamba kwenye familia zetu mara nyingi yupo mtu mmoja wa kati, shangazi, bibi, mjomba aliyeishi mjini, ambaye hakubali wala hakatai lakini anakupenda. Huyo mtunze. Msalimie, mpelekee machungwa ya Muheza, usimlazimishe maneno makubwa. Kuna shangazi nawajua hawajawahi kutamka neno transi ila kila Idi wanamtumia mtoto gauni. Na kwa mama endelea na shikamoo yako, hata asipoitikia, kama bado moyo unakuruhusu. Siku ukiona kila ukitoka pale unarudi huna hamu ya kula, punguza kwenda, hata hiyo ni haki yako.

Mimi ni muumini. Naweza kusali na kufanya kazi hii?

Wengi wetu tunasali. Wengine wanaswali nyumbani kwa sababu msikitini ni shida wasimame safu ipi, wengine wanaenda kanisani wanakaa viti vya nyuma. Mwezi wa Ramadhani tunafuturu pamoja, uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, na Wakristo wanakuja, na kwa kweli hayo ni masiku matamu kuliko semina zote. Mijadala ya dini na watu wa onlaini mimi nimeiacha kabisa. Sala yangu ni yangu na Mungu wangu, sio ya kuthibitishia mtu.

Habari zikiwa mbaya nchi nzima, unalalaje?

Kiukweli kuna vipindi havilaliki. Februari 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kusimamisha huduma za VVU kwenye vituo 40 vilivyokuwa vinahudumia watu kama sisi. Oktoba mwaka huo huo watu 13 wakiwemo wanasheria walikamatwa Dar kwenye kikao cha kujadili kwenda mahakamani kuhusu jambo hilo. Mwishoni mwa 2018 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule akatangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, watu transi nao wakajificha maana mtaani hakuna anayekutofautisha, na Novemba serikali ikatoa tamko kwamba yale ni maoni yake binafsi. Waliopita kipindi kile wengi hawakupita kwa ushujaa wa mtu mmoja. Walihamia kwenye nyumba za wenzao, wakapika sufuria moja, wakacheza karata mpaka alfajiri kwa sababu usingizi haukuwepo. Vicheko vya usiku ule mpaka leo wanavisimulia.

Kwa hiyo wakati wa habari mbaya: mtu mmoja asome habari kwa niaba ya wote, alete muhtasari mara moja kwa siku, wengine waache kufungua simu kila dakika. Kula pamoja. Msilale peke yenu.

Sheria inasemaje hasa, nisiwe na hofu kuliko inavyotakiwa?

Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kwa Mwingereza, inaadhibu kinachoitwa kuingiliana kinyume cha maumbile, na adhabu ni kali sana, kuanzia miaka 30 hadi maisha. Hakuna kifungu kinachosema kuwa transijenda ni kosa, ila watu wanakamatwa kwa kudhaniwa. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa kwa nini, kuwasiliana na ndugu au wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya masaa 24. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure wasio na uwezo, tafuta mmoja unayemwamini sasa hivi kabla hujamhitaji, kariri namba yake kichwani. Mpango ukiwepo mwili unatulia, nimeliona hilo kwa watu wengi.

Kuna ushindi wowote wa kusherehekea au tunajipa moyo tu?

Upo! Kenya mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina la Audrey Mbugua, mwanamke transi, kwenye cheti chake cha sekondari. Kenya, sio Ulaya, hapo hapo ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Botswana mwaka 2017 mahakama iliamuru serikali ibadilishe alama ya jinsia kwenye vitambulisho, mara mbili mwaka mmoja, kwa mwanaume transi kisha kwa mwanamke transi, Tshepo Ricki Kgositau. Na ile orodha ya Shirika la Afya Duniani niliyoitaja juu, iliyoanza kutumika Januari 2022, iliwatoa watu transi kwenye kundi la magonjwa ya akili.

Tarehe 31 Machi ni siku ya kuonekana kwa watu transi duniani, ilianzishwa Marekani 2009 na Rachel Crandall kwa sababu siku iliyokuwa inajulikana zaidi ilikuwa ya kuwakumbuka waliouawa, tarehe 20 Novemba. Yaani kuna mtu aliona wazi kwamba watu hawawezi kukutana kwa kulia peke yake. Huku kwetu hakuna maandamano, keki ndogo ndani ya nyumba inatosha. Na sherehekeeni ya hapa hapa: nesi aliyeuliza "nikuite nani?", mwenye nyumba aliyekataa kumfukuza mtu baada ya kusikia maneno ya mtaa, kijana aliyepata kazi saluni akamaliza miezi ya majaribio.

Mimi sio transi, nasimama nao tu. Na mimi nina haki ya kuchoka?

Ndio. Ila machozi yako usiyalete kwa yule aliyepigwa ili yeye akubembeleze, yapeleke kwa mshirika mwenzako.

Nikiacha kabisa nitakuwa msaliti?

Hapana. Kabidhi vizuri: orodha za watu wenye kesi zisizoisha, namba, funguo, hela za fungu na maandishi yake, nywila za akaunti, na futa kwenye simu yako majina na picha za watu ambazo huna kazi nazo tena. Waambie wenzako tarehe ya mwisho wasije wakakutegemea usiku ambao wewe hupo tena. Halafu siku ya kucheza taarab njoo kama mgeni mwingine yeyote, kaa, kula, usiulizwe chochote cha kazi. Grupu likikuuliza za kazi siku hiyo, waoneshe jibu hili.